Punje ya Kumi na Tisa

Keekee hii ilikuwa ya saa.
Ilitoboa mikanda ya ngozi mezani pangu, Mtaa wa Sikukuu,
kabla simu hazijajua kutaja majira.
Sasa inatoboa komwe.

Komwe ni kaidi. Ukiikaza inachomoka,
inakimbilia mvunguni, inacheka huko.
Ibane kwa kitambaa kilicholowa,
iinamie kama unayemnong'oneza mgonjwa,
zungusha, puliza, zungusha,
mpaka unga mweupe ukuingie puani.
Hiyo ni ya kwanza. Niliiokota Kunduchi, kwenye taka.

Ya pili ni tunda la mvinje, limejaa vidirisha.
Ya tatu kokwa ya mwarobaini,
ule ulioota wenyewe katika ufa wa ukuta wa kituo cha polisi
bila kibali cha mtu.
Kisha mkwaju. Kisha kijiti cha mkoko.
Kisha kikonokono cha tope kilichokuja na tundu lake,
limetobolewa na mdudu
mwenye keekee nyembamba kuliko yangu.

Mwanaisha akaniuliza, mikono kiunoni:
"Tasbihi ni ya Mungu, mume wangu. Hiyo unamsabihi nani?"
Nikasema: hao ndio wanaosabihi.
Mimi karani tu. Nawaita majina,
asije mmoja akaandikwa hayupo.
Jirani yetu Mama Gaudensia akaipitisha vidoleni,
akaipima na rozari yake.
"Thelathini na tatu? Yangu ina hamsini na tisa.
Umewasahau wengi, fundi."

Zamu ya kunguru ilipofika tuligombana nyumba nzima.
Sikudhani, mjukuu wangu, alilia kabisa:
kunguru aliiba sabuni, kunguru alibeba kifaranga,
kunguru hana haya!
Nikamtungia kifungo cheusi cha shati.
Hata mwizi huamka kabla ya adhana.

Lakini ya kumi na tisa.

Ya kumi na tisa ni ya Msimbazi.
Tulikuwa na vyumba vitatu Jangwani, uzio wa mabati,
saa za watu tisini na moja zikigonga kabatini.
Usiku ule mto haukupiga hodi.
Ndugu yangu Mshamu alirudi kuchukua cherehani.
Cherehani tuliipata.

Ndipo tukaletwa huku Mabwepande, penye miinuko,
na miezi minne mahali pale kwenye uzi
palikuwa na fundo tupu.
Kidole kikifika, kinaruka,
kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

Siku moja nikashuka, nikasimama darajani.
Mto ulikuwa kiasi cha kuvukwa na mtoto,
umebeba mifuko na rangi ya viwanda,
na juu ya tairi yangeyange mmoja, mweupe pe,
amekunja mguu, anangoja riziki.
Sikumwambia mto neno. Nao haukuniambia.
Nilichota tope la ngumi moja, nikalifunga kwenye leso.

Punje mbili zilipasukia jikoni, ndani ya makaa ya Mwanaisha.
Ya tatu ikavumilia.
Haikukaa duara; ina ubapa upande mmoja,
na katika ubapa huo, dole gumba langu.

Basi kila alfajiri naketi kizingitini.
Komwe. Mvinje. Mwarobaini.
Mkwaju, mkoko, konokono,
naita, naachia, naita, naachia.
Kwa kumi na tisa sijui nisemeje.
Asante hainitoki. Nimekusamehe, hainitoki pia.
Naishika tu. Ni nzito kuliko wenzake,
inauvuta uzi wote kwake.

Leo nimeishika sana.
Mvua imeanza kugonga bati, moja moja,
na Sikudhani ndani, macho makavu gizani, anauliza:
"Babu, mto unajua njia ya huku?"

Nimemwambia alale.

Ya ishirini ni ya chura.
Yeye keshaanza.